Kiumbe wa kwanza wa spishi mpya alizaa na nani?

Mama wa Kidato cha Nne, Embakasi

Hamjambo nyote. Mwanangu yuko kidato cha nne na muhula huu wamefika kwenye mada ya mageuko ya viumbe. Juzi tukiwa jikoni tunapika chapati aliniuliza swali ambalo nilidhani nitalijibu kabla sijageuza chapati ya kwanza, lakini tulipika, tukala, tukaosha vyombo, na jibu sikuwa nalo.

Hoja yake ni hii. Mwalimu wao amewafundisha kwamba spishi ni kundi la viumbe wanaoweza kuzaana wenyewe kwa wenyewe na kupata watoto ambao nao wanaweza kuzaa. Amewafundisha pia kwamba spishi mpya hutokana na spishi iliyotangulia. Basi, anasema mwanangu, lazima ilikuwako siku ambayo mnyama wa kwanza wa spishi mpya alizaliwa, na siku hiyo wazazi wake, ndugu zake na majirani wake wote walikuwa wa spishi ya zamani. Mnyama huyo alizaa na nani? Ikiwa alizaa na majirani, basi hakuwa wa spishi nyingine. Ikiwa hakuweza kuzaa nao, alikufa bila mtoto na spishi yake ikaishia kwake. Nilimwambia kwamba pengine walizaliwa wawili, dume na jike, akacheka na kuniuliza kama walikuwa wamepeana miadi.

Mimi ni mhasibu, na bayolojia yangu niliisoma kwa Kiingereza, nikaiacha kwenye chumba cha mtihani. Maelezo niliyoyasoma tangu siku hiyo yanasema tu kwamba "baada ya muda mrefu" makundi huwa tofauti, yaani yanaruka pale pale anapopauliza mtoto. Naomba anayelielewa jambo hili anieleze kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Mwalimu wa Rongai

Mama, mwambie kijana kwamba hatua za hoja yake ni sahihi, ila msingi aliouanzia una kasoro. Ameichukua spishi kama sifa ya mnyama mmoja mmoja, mfano wa rangi ya manyoya, ambayo mtoto anaweza kuzaliwa nayo hali wazazi wake hawana. Spishi si sifa ya namna hiyo. Ni uhusiano wa kundi zima na kundi jingine, na mnyama mmoja hawezi kuwa spishi peke yake kama vile mtu mmoja hawezi kuwa kijiji.

Nitaanzia kwenye lugha, kwa sababu sisi tunaozungumza Kiswahili tunao mfano huu mdomoni. Wanaisimu wameonyesha kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro vilitokana na lugha moja ya kale ambayo wao huiita Kisabaki. Je, alikuwako mama aliyesema Kisabaki akamzaa mtoto aliyesema Kiswahili, wakakaa nyumba moja bila kuelewana? Hakuwako. Kila mtoto alielewana na mama yake, na kila mama na bibi yake, katika kila kizazi na katika kila mji, na hata hivyo leo Mpokomo wa Mto Tana na Mngazija wa visiwa vya Komoro wakikutana, kila mmoja akashikilia lugha ya kwao, watahitaji mkalimani. Ukimtafuta msemaji wa kwanza wa Kiswahili hutampata, ingawa Kiswahili kipo na kilikuwa na mwanzo.

Sasa tuwatie viumbe mahali pa wasemaji. Kinachobadilika katika mageuko ni kundi, si kiumbe mmoja mmoja. Mbu aliyezaliwa bila kinga dhidi ya dawa ya chandarua hawezi kujifunza kuistahimili. Atatua kwenye chandarua na kufa. Lakini ndani ya kundi la mbu wapo wachache ambao jeni zao, yaani maagizo ya urithi yanayotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, zilinakiliwa kwa kosa dogo, na kosa hilo, ambalo mahali pengine lingekuwa bure au hata hasara, hapa linawaokoa. Hao ndio wanaotaga mayai. Msimu unaofuata watoto wa waliosalimika ni wengi zaidi, na baada ya misimu kadhaa dawa ile ile haiui kama zamani. Huo ni uteuzi wa asili, na ndio sababu watengenezaji wa vyandarua wamelazimika kuchanganya dawa mpya na zile za zamani. Nguvu ya pili ni bahati tupu. Kundi likiwa dogo, jeni fulani inaweza kuenea au kutoweka bila faida wala hasara yoyote, kwa sababu tu waliokuwa nayo walibahatika kuzaa wengi au walikufa na mafuriko.

Hadi hapo tuna kundi moja linalobadilika kwa pamoja, na kundi moja likibadilika kwa pamoja halijigawi. Ili liwe mawili lazima kitu kizuie jeni za upande mmoja zisifike upande wa pili. Kizuizi cha kawaida ni mahali. Nenda Taita Taveta: kwenye vilima vya Taita, udongoni, anaishi mnyama wa jamii ya vyura asiye na miguu, ambaye ukimwona utadhani ni nyungunyungu mnene, na wataalamu humwita Boulengerula taitana. Kwenye kilima cha Sagalla, upande wa pili wa nyika, yuko ndugu yake Boulengerula niedeni, ambaye alielezwa kisayansi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005. Mnyama wa udongo wenye unyevu havuki nyika kavu. Yale yanayotokea Sagalla hubaki Sagalla, na makosa ya kunakili jeni yanayopata nafasi kilima kimoja hayafiki kilima cha pili.

Kuhusu sababu ya uzazi wenyewe kushindikana baadaye, wafikirie mafundi wawili wa jua kali walioanza na injini za aina moja. Mmoja wa Gikomba akabadilisha pistoni, akajaribu, ikawaka. Mwingine wa Kariobangi akabadilisha silinda, akajaribu, ikawaka. Kila badiliko lilijaribiwa nyumbani kwake na likafaa. Hakuna aliyewahi kuijaribu pistoni ya Gikomba ndani ya silinda ya Kariobangi, na siku ukiziunganisha injini inakwama, ingawa katika karakana zote mbili hapakuwa na siku hata moja ambayo injini ilikataa kuwaka. Vivyo hivyo, kutoweza kuzaana hakuna haja ya kuwa lengo la mtu wala la mnyama. Ni matokeo ya pembeni ya mabadiliko mengi, na kila badiliko lilipotokea mwenye nalo aliweza kuzaa na majirani zake bila shida.

Kwa hiyo jibu la kijana ni kwamba kila mnyama katika mlolongo huo alizaa na jirani wa kundi lake. Wasioweza kuzaana ni vitukuu wa kundi hili na vitukuu wa kundi lile, na hao hawakuwa wakitafutana.

Mtafakari wa Kayole

Mwalimu, nakuheshimu, lakini naona umetoka kwenye jambo dogo ukaingia kwenye kubwa bila kubisha hodi. Mbu anayestahimili dawa bado ni mbu. Hilo la mabadiliko ndani ya kundi silikatai, kwa maana hata wafugaji wetu wa ng'ombe wanalijua. Ninachotaka kuonyeshwa ni mbu aliyeacha kuwa mbu.

Fundi wa Maabara, Ngong Road

Ndugu Mtafakari, neno "mbu" ni letu sisi tunaoumwa. Wenyewe wamegawanyika katika spishi zaidi ya 3,000, nasi tumewapa wote jina moja, kana kwamba popo na tembo tungewaita wote "wanyonyeshaji" halafu tukadai kwamba hawajatofautiana.

Nakupa mfano wa hapa nchini. Mbu waenezao malaria ambao zamani waliitwa wote Anopheles gambiae ni kundi la spishi kadhaa ambazo hata mtaalamu akiziweka chini ya hadubini anashindwa kuzitofautisha, na sisi maabarani hulazimika kupima jeni. Anopheles gambiae mwenyewe hupendelea damu ya binadamu na huuma ndani ya nyumba. Anopheles arabiensis huuma ng'ombe pia, na hustahimili maeneo makavu zaidi. Anopheles merus wa pwani hukulia kwenye maji yenye chumvi. Ukiwachanganya gambiae na arabiensis kwenye kizimba watapandana na kutaga, lakini madume wanaozaliwa ni tasa huku majike wakiweza kuzaa. Huo ni mlango uliofungwa nusu, na ndio unaopaswa kuuona ikiwa Mwalimu anasema kweli kwamba haufungwi kwa siku moja.

Mwana wa Mbita, sasa Kawangware

Nami nina ushahidi wa mlango kama huo, ila wangu ulikuwa ukifunguka tena.

Nimekulia kando ya Ziwa Viktoria, na huko kwetu samaki wadogo wenye rangi rangi tunawaita fulu. Watu wa jikoni huwadharau kwa sababu wana miba mingi na nyama haba, lakini wanasayansi wanakuja kuwaangalia kutoka kila pembe ya dunia, kwani katika ziwa hilo moja kulikuwa na spishi zinazokadiriwa kuwa 500 za hao fulu: wanaokula konokono, wanaokula mwani, wanaokula wadudu, na wengine wanaokula mayai na vitoto vya fulu wenzao, kila mmoja na taya zake na meno yake. Jambo linaloshangaza ni umri wa ziwa lenyewe. Udongo uliochimbwa sakafuni unaonyesha kwamba ziwa lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa mageuko ya viumbe huo ni muda mfupi mno.

Kwa miaka mingi watu waliuliza ni vipi makosa ya kunakili jeni yangetosha kwa haraka namna hiyo. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hayakuhitajika kuanza upya: fulu wa eneo letu walitokana na machotara wa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Mto Nile, ambazo zilikuwa zimetengana muda mrefu kabla ya hapo. Aina za jeni zilikuwapo tayari kwa wingi, na kazi iliyobaki ilikuwa kuzipanga upya katika michanganyiko mingi. Ni kama mtu anayefungua duka akiwa amerithi bohari mbili zilizojaa.

Hapa namrudia Mwalimu kuhusu kizuizi. Yeye ametaja nyika. Katika ziwa hakuna nyika, na samaki wa mwamba mmoja wanaonana kila siku. Kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza, wapo fulu wawili wa miambani: mmoja huitwa Pundamilia pundamilia, dume lake lina rangi ya samawati na hukaa maji ya juu, mwingine huitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na dume lake ni jekundu mgongoni na hukaa chini zaidi. Maji ya ziwa letu yana chembechembe ambazo humeza mwanga wa samawati mapema na kuacha ule mwekundu uteremke, hivyo macho ya samaki wa chini yamerekebishwa na uteuzi wa asili yaone wekundu vizuri. Jike ndiye anayechagua dume, na jike humchagua yule ambaye macho yake humwona aking'aa. Kwa hiyo kina cha maji kimeyagawa macho, macho yameugawa uchaguzi wa mume, na uchaguzi huo umeligawa kundi, pasipo ukuta wala nyika.

Kwamba kizuizi ni macho tu, watafiti walikithibitisha kwa kuwaweka samaki hao kwenye tangi chini ya mwanga wa rangi ya machungwa ambao huficha tofauti ya rangi zao. Majike wakaacha kubagua, wakazaa na dume lolote, na watoto wao walikuwa wazima na wenye rutuba. Jambo hilo hilo limeonekana ziwani kwenyewe pale ambapo maji yamechafuka kwa udongo wa mashamba na mbolea: badala ya wekundu na wa samawati unakuta fulu wa rangi ya katikati, wasio hawa wala wale. Watu wengi wakizungumzia maangamizi ya fulu humtaja mbuta, yule samaki mkubwa aitwaye pia sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na kuongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na ni kweli kwamba aliwala wengi sana hata inakadiriwa kuwa spishi 200 hivi zilitoweka. Wachache hutaja kwamba nyingine zimepotea bila kuliwa na yeyote, kwa kurudi kuwa kitu kimoja gizani.

Mama wa Kidato cha Nne, Embakasi

Nawashukuru sana. Nimemsomea kijana kila neno. Ule mfano wa lugha umemwingia, na fulu wamemnyima usingizi. Lakini ni mbishi kama babu yake: anauliza kama sasa tunaweza kusema kwamba haijawahi kutokea, popote, spishi mpya ikaanza na kiumbe mmoja tu.

Mkulima wa Kahawa, Kasarani

Mwambie imetokea, Mama, na huenda ameinywa asubuhi hii.

Naishi Kasarani lakini miche yetu ya kahawa iko nyumbani Kiambu, na niliwahi kusomea kilimo kabla ya kuingia kwenye biashara. Mwalimu ameeleza vizuri habari za wanyama, ila mimea ina njia ya mkato ambayo ameiacha. Kahawa ya arabika, hii tunayoilima milimani, ina kromosomu 44, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya kila seli. Aina nyingine ya kahawa, robusta, ina 22. Ipo pia kahawa ya mwitu iitwayo Coffea eugenioides, inayopatikana hata magharibi mwa Kenya, nayo ina 22. Hesabu hiyo si ya bahati: arabika ni chotara wa robusta na eugenioides, aliyebeba kromosomu zote za pande zote mbili.

Kwa kawaida chotara wa namna hii huwa tasa. Mmea unapotengeneza chavua na mayai, kila kromosomu hutafuta mwenzake wa kupanga naye jozi, na katika chotara nusu zimetoka kwa baba na nusu kwa mama ambao hawafanani vya kutosha, kwa hiyo jozi hazipatikani. Ndiyo maana baghala hazai: farasi ana kromosomu 64, punda 62, na mtoto wao ana 63 zisizopangika. Lakini mara chache sana katika mimea hutokea hitilafu, idadi yote ikajirudufu badala ya kugawanyika. Papo hapo kila kromosomu inapata pacha wake, jozi zinapatikana, na chotara anakuwa na rutuba. Vilevile anakuwa ametengwa na wazazi wake, kwa sababu akichavushwa na robusta watoto wanakuwa na kromosomu 33, namba ambayo haigawanyiki kwa mbili.

Basi mche huo mmoja ulikuwa spishi mpya tangu siku ulipoota, na swali la kijana linasimama kama lilivyo: ulizaa na nani? Ulizaa na wenyewe. Robusta haiwezi kujichavusha, lakini arabika inaweza, na ua lake moja linajitosheleza kwa baba na mama. Hiyo pia ndiyo sababu miti yetu ya arabika inafanana mno kijeni, hata ugonjwa wa chulebuni unaoozesha matunda, au ule wa kutu ya majani, ukiingia shambani unapita kama moto wa nyasi, na ndiyo sababu wataalamu walitumia miaka mingi kutafuta aina inayostahimili hadi wakatoa Ruiru 11 mwaka 1985.

Na zile chapati zilizoanzisha mjadala huu, Mama, nazo zina historia kama hiyo. Ngano ya unga wa chapati ina kromosomu 42, yaani urithi kamili wa nyasi tatu tofauti, 14 kutoka kwa kila moja.

Mwongoza Watalii, Lang'ata

Naongeza machache kutoka porini, kwa kuwa wageni huniuliza spishi ziko ngapi wakidhani kuna orodha iliyofungwa.

Mbuni mnayemwona katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi ana shingo ya rangi ya waridi. Ukipanda hadi Laikipia na Samburu utamkuta mwingine mwenye shingo ya rangi ya buluu na kijivu, mbuni wa Kisomali. Nilipoanza kazi hii walihesabiwa kuwa spishi moja; tangu 2014 wengi huwahesabu kuwa mbili. Twiga ndio kabisa: niliwafundisha wageni kwa miaka kwamba twiga ni spishi moja, na mwaka 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likatambua nne, tatu kati yake ziko Kenya. Twiga wenyewe hawakubadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni uwezo wetu wa kusoma jeni zao.

Upande wa pili, huko huko Laikipia, punda milia wa Grevy mwenye kromosomu 46 na punda milia wa kawaida mwenye 44 wamezaana, na machotara wao wameonekana nao wakizaa. Hata hivyo hakuna mtaalamu ninayemjua anayesema hao ni spishi moja, kwa maana makundi yenyewe yamebaki kila moja na milia yake, na hao machotara ni wachache wanaokaa na mama zao katika makundi ya punda milia wa kawaida.

Mwalimu wa Rongai

Mkulima amenisahihisha kwa haki, nami nashukuru. Niliposema kwamba kiumbe mmoja hawezi kuwa spishi nilipaswa kusema kwamba kwa kawaida ni hivyo kwa wanyama, wala si kwa mimea.

Mama, jambo moja la mtihani. Wasahihishaji hutaka ufafanuzi ule ule wa kuzaana na kupata watoto wenye rutuba, na kijana auandike hivyo hivyo bila kuongeza habari za punda milia. Akiulizwa jinsi spishi mpya inavyotokea, aanze na kutengwa kwa makundi, aendelee na mabadiliko ya jeni na uteuzi wa asili katika mazingira tofauti, amalizie na kushindwa kuzaana hata makundi yakikutana tena. Kahawa aitaje ikiwa tu swali limeomba mfano wa mimea, kwa kuwa alama ni chache na muda ni mfupi.